Jiko la Kusimama

Siku subira yangu ilipokatika, nyapara wa laini ya nyumba za wafanyakazi alikuwa amesimama uani mbele ya nyumba zetu sita za mawe, akitusomea karatasi kutoka ofisini. Ilikuwa Jumatano asubuhi. Mvua ilikuwa bado, maana huku kwenye mashamba ya chai ya Kericho mvua ina zamu yake kama mfanyakazi, huingia alasiri. Wanawake tulikuwa sita, kila mmoja mlangoni pake, mimi nikiwa na mtoto wa miezi minane mgongoni.

Alisoma polepole, kwani kusoma kulimtaabisha. Karatasi ilisema kwamba mtoto wa fundi wa mashine ameungua kwa maji ya moto ndani ya jiko la shamba, na sababu ni uzembe wa mama yake. Kwa hiyo fundi na watu wake watatoka nyumba ya mawe siku ya Jumamosi, warudi kwenye vibanda vya nyasi kule chini mtoni. Na wanawake wengine wote wanakatazwa kuingiza watoto jikoni.

"Watoto wakae wapi?" nikauliza.

"Nje."

"Mvua ikinyesha?"

"Bibi Karani, mimi sikuandika. Mimi nasoma tu."

Mke wa fundi alikuwa mlango wa tatu, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Ni mwanamke wa kutoka milima ya Kisii, amenizidi miaka kama kumi. Alikuwa amembeba mtoto wake wa kike ubavuni, na mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa umefungwa kitambaa cha zahanati kutoka begani mpaka kwenye vidole.  Mama aliinamisha kichwa kama mtu anayekubali. Kule kukubali ndiko kulikonitoa akili. Nilivuka ua, nikamshika nyapara mkono wa koti.

"Ingia kwangu," nikamwambia. "Ingia jikoni usonge ugali, utuonyeshe namna ya kutozembea."

Wanawake wakaangua kicheko.

"Mpe mwiko!"

"Mfunge leso kwanza, asichafue suruali ya serikali!"

"Mama zangu, mimi ni mwanamume," nyapara akasema, akijaribu kucheka naye.

"Na mdomo wa kula ugali si unao? Ingia."

Nikamsukuma. Mlango wa jiko langu, kama milango ya wote, ulifunguka kwa ndani, ukaenda kugonga ukingo wa meko kama kawaida yake. Nyapara akasimama mbele ya meko, ambayo yalimfika karibu na kitovu. Akaangalia. Juu ya nondo mbili za chuma, pale ambapo chungu kingekaa, palikuwa na mashati mawili ya mume wangu yaliyokunjwa na kabichi moja. Nilikuwa nimesahau. Kwa hasira yangu nilikuwa nimesahau kabisa.

Akapitisha kidole juu ya nondo, akakitazama. Kilikuwa kisafi.

"Bibi Karani," akasema, na safari hii hakuwa anatania, "hapa hapajawashwa moto siku nyingi. Wewe unapika wapi?"

Nyuma yangu kicheko kilikatika. Nyuma ya nyumba yangu, chini ya paa linalojitokeza, yalikuwapo mafiga matatu yaliyofunikwa kipande cha bati, na majivu yake yalikuwa bado na joto la uji wa asubuhi. Nilikuwa nikipika hapo kwa zaidi ya miezi mitatu. Sikuwa nimemwambia mtu.

Nilipogeuka, mke wa fundi alikuwa ameinua kichwa. Alikuwa ananitazama mimi.

Nataka kueleza jambo hili bila kujipaka mafuta, basi nieleze lilivyoanza.

Mimi ni mtu wa kutoka upande wa Ziwa. Baba yangu alikubali nisome misheni mpaka darasa la juu kabisa walilowaruhusu wasichana wakati ule, na huko tulifundishwa kushona, kuosha watoto, hesabu, Maandiko, na usafi wa nyumba. Jiko tulilojifunzia lilikuwa la nyumba ya mabibi Wazungu. Lilikuwa na meko ya kusimama, yaliyojengwa kwa matofali, na chuma juu yake. Ulipika umesimama wima, aproni nyeupe kiunoni, goti lako haligusi vumbi. Kwetu mama yangu alipika amekaa kwenye kigoda, moshi machoni, majivu kwenye nyayo. Nilirudi likizo nikamwona vile nikamwonea aibu. Alijua. 

Niliolewa na karani wa shamba la chai, nikapanda huku kwenye baridi. Mwaka uliofuata meneja aliamua kujenga nyumba sita za mawe kwa makarani na mafundi wenye wake. Kabla ya hapo sote tulikaa vibanda vya nyasi. Siku moja mume wangu alirudi kula mchana, akaniambia meneja ameuliza wanawake wanataka jiko la namna gani.

"Nikajibu nitaleta mchoro," akasema. "Wewe si ndiye uliyesoma mambo ya jiko?"

Nilifurahi mpaka nikasahau mboga motoni. Nilichukua karatasi ya ofisi yenye mistari, penseli, na rula yake ya mbao. Nikachora meko ya kusimama. Urefu nilikumbuka nilivyofikisha mkono pale misheni, nikaongeza kidogo, kwa kuwa bibi aliyetufundisha alikuwa mrefu na nilitaka yawe kamili kama yake. Niliyaweka karibu na mlango ili yapate mwanga. Mlango nikaufanya ufunguke kwa ndani, kama wa misheni. Dirisha dogo juu. Bomba la moshi nikalichora refu, lenye kofia. Jiko lenyewe nikalifanya jembamba, la mtu mmoja. Huko misheni hakuna aliyekuwa akikaa jikoni.

Mke wa fundi aliingia kuomba chumvi nikiwa nachora. Akainama juu ya karatasi.

"Hiki ni kitanda?"

"Ni meko, dada."

"Meko juu hivi? Mdogo wangu, mimi nitapanda ngazi kusonga ugali wa wimbi?" Akacheka, akanigusa bega. "Na mlango huu na moto huu, ni mke na mume? Mbona wamelala pamoja?"

Nilimjibu nini? Nakumbuka neno kwa neno, na ningelipa kitu chochote nisikumbuke. Nilimwambia, "Dada, dunia imebadilika. Hatuwezi kuchutama milele kama kuku anayetaka kutaga."

 Akachukua chumvi yake akaenda. Nyumba zilikuwa sita, wanawake sita, na mimi sikumuuliza hata mmoja.

Mume wangu alipeleka mchoro. Meneja aliusifu, akampa mkono mbele ya makarani wengine. Hakuuliza nani amechora, na mume wangu hakusema. Jioni alinisimulia, tukacheka pamoja kama wezi waliopita salama. Nyumba zikajengwa. Bomba la moshi liliondolewa, sijui na nani. Tulipohamia tulikuta tundu la kuingia ngumi tu chini ya bati. Mengine yote yalikuwa yangu, inchi kwa inchi. Meko ya matofali, nondo mbili juu, sakafu ya simenti. Na nyapara akapita nyumba hadi nyumba akitangaza kuwa ni marufuku kuwasha moto chini, utapasua simenti.

Siku ya kwanza nilisimama kwenye jiko langu kama bibi arusi. Siku ya pili nikaweka chungu cha mboga.

Hapa ndipo nataka wanawake wasomao wanielewe, maana mwanamume anaweza kupita juu ya jambo hili bila kuliona. Chungu chetu kina tako la duara. Kimeumbwa hivyo kwa sababu kinakaa kati ya mafiga matatu, na mafiga yanakishika kama mikono. Sufuria za misheni zilikuwa na tako bapa. Mimi nilichora nondo mbili zilizonyooka, kisha nikaja kuweka juu yake kitu cha mviringo. Chungu kilicheza. Nikakiegemeza kwa kigae upande mmoja, kikacheza upande mwingine. Tulikuwa na sufuria moja tu ya kuchemshia chai, na jirani zangu wengine hawakuwa nayo hata hiyo.

Ugali nao. Ugali hausongwi kwa vidole. Husongwa kwa mabega, na mabega lazima yawe juu ya chungu. Nilisimama kwenye meko yangu ya kitovuni nikijaribu kusonga, mwiko ukawa unafika mdomoni kwangu. Nguvu haikushuka. Nikachukua sanduku la chai, yale ya mbao za rangi ya maziwa yanayofungwa kiwandani, nikaligeuza, nikapanda juu. Hapo ndipo niliposonga, kichwa changu kikiwa ndani ya moshi wote wa chumba, kwa sababu moshi usio na bomba hukaa juu, na mimi nilikuwa nimejipandisha huko huko. Mtoto mgongoni akakohoa usiku kucha.

Kisha kuni. Kuni zetu huku ni matawi ya michai iliyokatwa na mikaratusi, na mvua ni ya kila siku. Sikuwa nimechora mahali pa kukaushia kuni. Huko misheni kuni zilikauka zenyewe kwa jua la Ziwa, sikujua kuwa kukausha ni kazi. Pia nilichora mtungi wa maji mwisho wa chumba, ng'ambo ya moto, ili usionekane na wageni. Kila ukitaka maji unaubana mwili wako kati ya ukuta na moto, na sketi yako inapita pale.

Wiki sita nilijitesa. Kisha asubuhi moja, mume wangu akiwa kazini, nikaenda nyuma ya nyumba nikaweka mafiga matatu. Uji ulichemka upesi, mtoto hakukohoa. Nililia, na sikulia kwa moshi. Tangu siku hiyo nikawa napika hapo na kufunika kwa bati nikimaliza. Nyapara aliona moshi mara moja, akageuza uso asiulize unatoka wapi: mimi ni mke wa karani. Wageni wakija nilikuwa nikiwapitisha jikoni waone meko yangu yalivyo safi.

Mke wa fundi hakuwa mke wa karani. Siku moja alijaribu kuwasha chini na nyapara akamwaga maji juu ya moto wake. Akarudi juu ya sanduku. Kupitia ukutani nilikuwa nikisikia sanduku lake linavyokwaruza simenti kila mchana na kila jioni. Nilijua sauti hiyo ni ya nini. Nikawa nageuza uji wangu.

Ajali ilikuwa Ijumaa, alasiri, saa mvua inapoingia. Mvua yetu hutanguliwa na upepo wa baridi unaotoka vilimani ghafla, ukilaza michai yote upande mmoja. Mke wa fundi alikuwa juu ya sanduku, anangoja maji ya ugali yachemke. Mtoto, wa miaka mitatu, alikuwa amekaa sakafuni penye joto, chini ya meko, kwani jiko halikuwa na mahali pengine pa kukaa na nje kulikuwa kunapiga baridi. Mtoto wa chini haoni moto ulio juu. Kwa mama yangu tulikuwa tunauona moto, tulikua nao, tuliuogopa kama ng'ombe dume. Huyu alijua tu kwamba matofali yana joto zuri.

Upepo uliusukuma mlango. Mlango ukapiga ukingo wa meko. Chungu kikaviringika.

Nilisikia kupitia ukutani. Nilifika wa kwanza. Nilimwaga maji baridi ya mtungi juu ya mkono wa yule mtoto, na kuufikia mtungi ilinibidi nimvuke mama yake aliyeanguka kati ya ukuta na moto, mahali nilipopachora mwenyewe. Tulikimbia naye zahanati kwenye mvua. Leo mtoto ana miaka sita, anacheza na wangu uani, na kiwiko cha mkono ule hakinyooki.

Basi turudi Jumatano, nyapara na kidole chake kisafi. Nilimwambia atoke kwangu, akatoka. Wanawake wakaingia majumbani mwao mmoja mmoja. Nikamlaza mtoto, nikaenda mlango wa tatu.

Mke wa fundi alikuwa anafunga vyungu kwa majani makavu ya mgomba, tayari kwa safari ya mtoni. Hakunikaribisha kigoda.

"Ulikuwa unajua," akasema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki za kwanza."

"Ukaniacha nipande sanduku."

"Niliona haya, dada."

"Haya ya nini?"

"Kwamba nilichora vibaya. Na kwamba uliniambia."

Akaweka chungu chini. "Unajua mimi nilikuwa nawaza nini juu ya lile sanduku? Nilikuwa nawaza, huyu aliyesoma anaweza, nasikia kimya kwake, hapigi kelele, hakwaruzi. Basi mjinga ni mimi. Nikajiambia utazoea, utazoea. Hata waliposoma uzembe leo nilikubali. Nilisema ni kweli, ni mimi."

Nikaanza kusema pole. Akainua kiganja.

"Sitaki. Pole zimejaa nyumba hii, watu wameleta pole na ndizi. Wewe unajua kuandika, Bibi Karani. Nenda ukaseme huko huko walikoandika."

Tangu tulipojuana aliniita mdogo wangu. Siku hiyo niliitwa Bibi Karani.

Mume wangu aliporudi kula nilimweleza. Alikaa na mikono mezani.

"Andika kwamba mlango ni mbaya," akasema. "Andika kwamba bomba halikujengwa. Hayo ni kweli na yanatosha."

"Hayatoshi. Watauliza kwa nini wengine hawajaungua. Watasema wengine ni waangalifu. Mimi najua kwa nini sijaungua."

"Ukiandika kwamba ni wewe uliyechora, mimi nitakuwa mwongo mbele ya meneja."

"Ulisema umechora wewe?"

"Sikusema. Nilinyamaza."

"Na mimi nilinyamaza. Tofauti yetu ni kwamba wewe ulipewa mkono."

Hilo lilimuuma, na nilitaka limuume, na sasa naona halikuwa haki. Aliinuka bila kula. Mlangoni akarudi, akatoa kalamu yake ya wino mfukoni, akaiweka juu ya meza karibu na sahani. "Usiniweke mimi ndani," akasema. Akaenda kazini.

Sikuandika siku hiyo. Nilijua namna ya kulalamika. Sikujua nilalamikie nini hasa. Alhamisi asubuhi nikafanya lile jambo ambalo ilinipasa kulifanya mwaka uliotangulia. Nilichukua kamba nikapita milango yote, nikawaambia wanawake waje nje na vigoda vyao. Sikutegemea waje. Walikuja. Nadhani walikuja kunitazama.

"Leo mwalimu anatufundisha nini?" akauliza mke wa dereva, mwenye ulimi mkali kuliko wembe.

"Leo mwalimu ameketi darasani," nikasema. "Fundisheni ninyi."

"Hee! Basi lete kamba tukupime kichwa kwanza."

Wakacheka, na kicheko chao kilinichoma lakini kilinifungua pia. Kila mmoja alikaa anavyokaa akisonga, nikapima kutoka chini mpaka goti lake, mpaka kiwiko. Hakuna aliyelingana na mwingine, ila wote sita walikuwa chini sana ya mchoro wangu. Mama muuza maziwa alitukuta hapo. Ni Mkipsigis wa ng'ambo ya kijito, huja kila asubuhi na kibuyu chake. Akaniuliza tunapima kaburi la nani.

"La jiko langu, mama."

Akaweka kibuyu chini akaingia ndani kwa mke wa fundi kwa mara ya kwanza. Akatazama juu. "Hakuna dari," akasema, kama mtu aliyeona nyumba isiyo na mlango. "Kuni zinakauka wapi? Mahindi je? Moshi hamumpi kazi, ndiyo maana anakaa machoni kwenu." Kisha akatazama chini. "Na watoto wanakaa upande gani wa moto?"

"Popote," nikasema.

"Kwetu hakuna popote. Mama ana upande wake karibu na mwiko, watoto wana wao ng'ambo, na katikati ni moto, kila mtu anauona. Mtoto akivuka anachapwa kabla hajaungua."

 Muda wote huo mke wa fundi alikuwa amekaa kigodani na mtoto wake. Mwishowe akanyoosha mguu, akachora kwa kisigino kwenye udongo laini mahali mlango ungekuwa na mahali moto ungekuwa, mbali, kwenye pembe, kinyume na upande wa mvua.

"Hapa," akasema. "Hili si jambo la kusomea."

Nikapiga magoti, nikapima alama yake kwa kamba.

Ijumaa asubuhi, mtoto mgongoni, nilikwenda ofisini mwenyewe. Mwanamke hakuwa na njia ya kufika pale ila kwa kupitia mumewe, na mumewe alikuwa amekaa palepale, kwenye meza ya pili, hakuinua macho kutoka kitabu chake. Meneja alitoka chumbani mwake akidhani ni kelele za posho.

"Wewe nataka nini?"

"Nimeleta mashtaka, Bwana. Yameandikwa."

Aliichukua karatasi, akaigeuza juu chini. Kusema Kiswahili chake cha kuvunjavunja aliweza, kukisoma kulimchosha. Akanirudishia.

"Soma."

Nikasoma kwa sauti, makarani wote wakisikia.

"Kwa Bwana Meneja. Salamu na heshima. Mimi ni mke wa karani, nyumba ya nne. Naleta mashtaka juu ya majiko ya nyumba sita za mawe, na juu ya karatasi iliyosomwa Jumatano.

Mlango wa jiko unafunguka kwa ndani na kupiga meko. Upepo wa alasiri unausukuma kila siku. Naomba milango yote sita igeuzwe ifunguke nje. Meko ni marefu hata mwanamke anapanda sanduku la chai ili asonge, na nondo mbili haziwezi kushika chungu chenye tako la duara. Naomba yabomolewe yawe ya urefu wa goti, na mafiga matatu yaliyojengewa kwa udongo, katika pembe iliyo mbali na mlango. Vipimo vya wanawake sita vimeandikwa nyuma. Moshi hauna pa kutokea. Naomba bomba, na dari ya kukaushia kuni juu ya moto. Mtungi wa maji ukae karibu na mlango, mtu asivuke moto kuufikia. Jiko lipanuliwe upande mmoja ili watoto wakae mahali mama anapowaona. Kuwaweka watoto wetu nje kwenye mvua ya Kericho haiwezekani, na anayesema inawezekana na aanze na wake.

Mtoto aliungua kwa sababu ya mlango, nondo na urefu wa meko. Mama yake aliuona ubaya huo kwenye mchoro kabla jiwe la kwanza halijawekwa, akausema, akachekwa.

Aliyemcheka ni mimi. Mchoro huo niliuchora mimi kwa mkono wangu, bila kumuuliza mwanamke yeyote atakayeutumia. Niliiga jiko la nyumba ambayo mwenye nyumba hapiki. Kisha nilipoona kwamba halifai niliacha kulitumia, nikapika nje kwa siri zaidi ya miezi mitatu, nikamwacha jirani yangu aamini kwamba kosa ni lake. Nilisikia kupitia ukuta na sikumwambia.

Kwa hiyo uzembe ulioandikwa Jumatano ni wa kweli, lakini mwenye uzembe si yeye. Naomba jina la mke wa fundi lifutwe katika karatasi hiyo na liandikwe langu. Na kama ni lazima nyumba moja ihame kesho Jumamosi kwenda vibanda vya mtoni, naomba iwe nyumba ya nne.

Ni mimi, mke wa karani."